Kijitabu cha mazishi cha Nasser Road: wanachapa vizuri, majina ni juu yenu

Mzee wa miaka tisini akifariki Kampala au vitongoji vyake, kabla jua halijazama watu watatu huwa wameshatumwa. Mmoja anapeleka tangazo redioni, mwingine anaagiza mahema na viti, wa tatu anakwenda Nasser Road. Haya tunamwandikia huyo wa tatu. Ametumwa kurudi na kijitabu: picha ya marehemu kwenye jalada, utaratibu wa ibada, wasifu, salamu za mjane na za watoto, picha za zamani, ukurasa wa shukrani. Hema litarudishwa kwa mwenyewe Jumapili. Kijitabu kitakaa kwenye kabati la sebuleni mpaka wajukuu wapate watoto.

Tunaitathmini huduma ya mtaa mzima, Nasser Road pamoja na Nkrumah Road inayopakana nayo, kwa sababu pale huwezi kutathmini duka moja. Kazi moja hupita mikono mitano. Anayeichukua oda siye anayepanga kurasa, anayepanga kurasa hana mashine, mwenye mashine hatengenezi pleti, yale mabamba ya kuchapia, na mwenye giloti ya kukatia kingo yuko ghorofa nyingine au jengo la pili. Ukiuliza duka zuri ni lipi hutapata jibu la maana. Uliza kazi yako iko mkononi mwa nani saa hii.

Uamuzi wetu tuutangulize. Kwa uchapaji na kasi, mtaa ule unastahili alama nne kati ya tano, na sifa yake mbaya ya mihuri na vyeti vya kughushi isikutishe. Vijitabu vingi vilivyoharibika viliharibika kabla ya kufika kwenye mashine.

Bulooka na risiti

Ukishuka tu kwenye boda utaitwa: "Ssebo, kadi? Kalenda? Kitabu cha mazishi?" Huyo ni bulooka, yaani dalali. Si lazima awe tapeli. Bulooka mzuri anajua mashine ipi iko wazi usiku huu na fundi yupi hajalewa, na ujuzi huo una thamani mtu akiwa na msiba. Ubaya wake ni kwamba kazi ikikwama yeye ndiye wa kwanza kuzima simu. Kwa hiyo mtumie akupeleke, lakini fuata kazi kwa miguu yako mpaka uione mashine na umjue mwenyewe.

Toa nusu ya malipo, nusu nyingine baada ya kufungua boksi na kuhesabu. Ukilipa kwa mobile money, jina linalotokea kwenye simu lifanane na jina la kwenye risiti. Likiwa la mtu mwingine, simama hapo hapo. Risiti nayo isiandikwe "vitabu 300 vya rangi". Rangi ya jalada tu au ya kurasa zote? Iandikwe idadi ya nakala, idadi ya kurasa, ukubwa, uzito wa karatasi ya ndani na ya jalada, ukurasa upi ni wa rangi, na saa ya kuchukua. Bei hatuzitaji kwa sababu hufuata bei ya karatasi na haraka ya mteja. Uliza kwa watu watatu ukiwa na maelezo hayo hayo mkononi, utaona wanakaribiana.

Hesabu ya karatasi

Kijitabu cha kawaida ni cha A5, kurasa 16: karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Kurasa huongezeka nne nne. Wasifu ukizidi aya moja na kugusa ukurasa wa 17, mtalipia kurasa 20, na zile tatu za ziada zitajazwa picha za maua na mishumaa kutoka mtandaoni. Ni afadhali kukata aya.

Kwa nakala 300, karatasi za ndani ni tatu kwa kila kitabu, yaani 900 za A4. Mashine nyingi ndogo za ofseti (zinazochapa kwa pleti) pale, zikiwemo zile Heidelberg za zamani, huchapa kwenye ukubwa wa A3 na zaidi, kwa hiyo ni 450 za A3. Rimu moja ina 500. Zile 50 zinazobaki si za kurudi nazo nyumbani, ni za fundi kuharibu wakati anatafuta rangi, na asipopewa hizo ataharibu zenu. Jalada ni A3 nyingine 150 za karatasi nzito, weka na 15 za akiba.

Ofseti au dijitali? Kwa ofseti kila rangi ina pleti yake, na rangi kamili ni pleti nne kwa kila upande wa karatasi. Pleti zinagharimu vilevile ukichapa nakala 50 au 1,000. Ndiyo maana chini ya nakala 200 hivi dijitali, isiyotumia pleti, huwa nafuu na ya haraka, na kuanzia 300 ofseti huanza kushinda.

Kuna ujanja ambao mafundi wanaujua ila hawakwambii usipouliza. Katika kitabu cha kurasa 16, ukurasa wa 7, 8, 9 na 10 ziko kwenye karatasi moja, ile ya katikati. Mkitaka picha za rangi ndani bila kulipia rangi kitabu kizima, zikusanyeni hapo. Zikitawanywa, moja ukurasa wa 4, nyingine wa 6, nyingine wa 12, mtakuwa mmelipia karatasi mbili rangi kamili badala ya moja kwa ajili ya picha tatu. Na kurasa za 8 na 9 ndizo pekee zinazotazamana zikiwa karatasi moja isiyokatika. Picha ya ukoo mzima, ile ya Krismasi watu arobaini mbele ya nyumba, mahali pake ni hapo. Angalieni tu nani yuko kwenye mkunjo. Pini mbili hupita hapo, na tumeona vitabu ambavyo pini imepita kwenye paji la uso la mjane.

Karatasi ya ndani: bondi ya gramu 80 ni rahisi lakini picha ya upande mmoja huonekana kwa nyuma kama kivuli. Gramu 100 hutosha. Kwa karatasi ya picha, chukua ile laini ya gramu 130, na uchague isiyong'aa. Kijitabu hiki husomwa nje, chini ya hema, saa saba mchana, na karatasi ya kung'aa humulika macho mpaka mtu anakiinamisha huku na huku akitafuta ubeti wa pili. Jalada gramu 250. Karatasi ya uzito huo lazima ipigwe mstari wa kukunjia kwanza, la sivyo wino unapasuka mgongoni, na kwenye jalada jeusi ule ufa mweupe unaonekana toka mbali. Jalada jeusi lenyewe hatulipendi. Linachukua alama za vidole, na mazishini watu wana jasho.

Siku hizi kuna mtindo wa kuweka picha ya lubugo nyuma ya maandishi. Wazo ni zuri. Kitambaa hicho cha gome la mutuba ndicho Baganda walichowazikia watu wao vizazi na vizazi, na UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Lakini nyuzi za lubugo zikichapwa kwa nguvu yake kamili zinameza herufi. Mwambie fundi aififishe mpaka asilimia 10 au 15, au aiache kwenye jalada peke yake.

Picha ya jalada

Fundi wa dizaini ataitazama simu yako na kuuliza, "Bosi, hii imetoka WhatsApp?" Swali zuri. Picha ya kujaza jalada la A5 inahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480 ili itoke safi. Iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ikasambazwa kutoka kundi hadi kundi, huwa imeshapungua sana, na usoni panatokea vile vijisanduku. Itumeni kama dokumenti, isiende kama picha. Kama picha yenyewe ni ya karatasi, ya studio ya miaka ya sabini, msiipige kwa simu. Ipelekeni skana, iwekwe dpi 600, na itolewe kwanza kwenye albamu yenye plastiki. Picha iliyogandana na plastiki usiibandue kwa nguvu. Iskaniwe na plastiki yake, fundi atasafisha mwanga baadaye.

Kosa kubwa la Nasser Road kwenye picha ni ngozi. Kwenye karatasi ya bondi wino husambaa, kila nukta inanenepa, na uso mweusi unaoonekana vizuri kwenye skrini unatoka giza tupu, macho yamepotea. Fundi mwenye uzoefu huipandisha picha mwanga kidogo kabla ya kutengeneza pleti. Fundi mchanga anachapa alichokiona. Omba nakala moja ya majaribio ya jalada kwenye karatasi ile ile, na uitazame nje kwenye mwanga wa jua, usiamini taa ya dukani. Halafu kuna wale wanaopenda "kumtengeneza" mzee: wanamvalisha suti ya kompyuta, wanamfuta mikunjo, wanamwekea mawingu nyuma. Kataa. Watu watakaoshika kitabu hicho walimjua na shati lake.

Majina

Hapa ndipo pesa inapopotea. Mzee aliyeishi miaka mingi na kuishika familia yake ana watu wengi nyuma yake, na kijana anayepanga kurasa hamjui hata mmoja. Ataandika alichopewa. Kama alichopewa ni sauti iliyorekodiwa msibani huku watu wanaimba, atakisia.

Msiwape kazi hii kamati. Mtu mmoja achukue daftari, ukurasa mmoja kwa kila nyumba ya mzee: jina la mama juu, watoto chini yake kwa kufuatana kuzaliwa, walio hai na waliotangulia pamoja, waliotangulia wakiwekewa alama. Kila jina aliandike mwenyewe, kwa herufi kubwa. Asiyekuwepo aandikiwe na ndugu wa tumbo moja, si na shemeji. Tahajia za Luganda zina herufi za kurudiwa, na watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa mmoja Ssemakula na mwingine Semakula kwenye vitambulisho vyao. Usiwasahihishe ili wafanane. Kila mtu na lake.

Pacha wana utaratibu wao ambao kompyuta haiujui. Wasswa hutangulia Kato, Babirye hutangulia Nakato, na Kizza hufuata baada yao. Kwa Waacholi na Walango, Opio kabla ya Ocen, Apio kabla ya Acen. Fundi akipanga majina kwa alfabeti, kama programu inavyopenda, Kato atakuja mbele ya Wasswa na kila mama mzee aliyeketi mkekani atajua kwamba kitabu kilitengenezwa na mtoto. Na baba wa pacha ni Ssalongo. Likikosekana jina hilo kwenye jalada, ni kama mmemvua kofia.

Mzee mwenye nyumba mbili au tatu ni jambo linalopaswa kumalizwa nyumbani kabla ya kupanda teksi ya kwenda mjini. Mchungaji au padri anaweza kumtambua mke wa ndoa ya kanisani peke yake katika ibada. Wasifu, kinyume chake, ni wa familia, na watoto wa nyumba zote wanastahili kuonekana. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kutenga: kurasa za ibada zifuate kanisa, kurasa za wasifu zifuate daftari. Kichwa "Watoto" kiwe kimoja kwa wote, bila neno "wengine". Neno hilo moja limeshavunja misiba.

Idadi nayo. "Ameacha watoto 14, wajukuu 52 na vitukuu 9" inasomeka vizuri mpaka mtu ahesabu majina na kupata 13. Watu huhesabu, tena wakati wa hotuba ndefu ndipo wanapohesabu. Ama hesabu ilingane na majina, ama iondoke. Wakwe waandikwe wote kwa majina au wote watajwe kwa ujumla. Nusu nusu huleta maneno.

Mrithi, musika, msimchape kabla ukoo haujamtangaza. Katika Buganda wengine humtaja siku ya mazishi, wengine husubiri siku ya kumaliza olumbe, yaani sherehe ya kuhitimisha msiba, miezi kadhaa baadaye, na jina likishachapwa mara 300 huwezi kulifuta kwa kalamu. Namba ya simu ya kupokelea amabugo (rambirambi) iambatane na jina lililosajiliwa, herufi kwa herufi, maana tarakimu moja ikikosewa rambirambi inakwenda kwa mtu asiyewajua.

Wasifu wa maneno elfu moja

Kurasa tatu za A5 kwa herufi za pointi 11 hubeba maneno 1,000 hivi. Yakisomwa kanisani kwa sauti ya kutulia ni dakika tisa au kumi, na zaidi ya hapo watu wanaanza kutazama sufuria. Chini ya pointi 11 msishuke, maana wenzake marehemu nao ni wazee.

Mafundi wengi wana wasifu wa mfano kwenye kompyuta, wanabadilisha jina na kuendelea. Ndiyo maana wazee wote wa vijitabu vya Nasser Road walikuwa "baba mwenye upendo, mcha Mungu na mpenda maendeleo". Ukiukuta mfano huo, ufute wote. Upendo wa baba unaonekana kwenye vitendo vyenye vipimo: alilipa karo za watoto wangapi, kwa kuuza nini, kila muhula, alipanda ekari ngapi za kahawa na nani aliichuma, baiskeli ya Raleigh ilibeba mtoto gani mpaka hospitali gani, kilomita ngapi. Sentensi ya aina hii, "Kabla shule hazijafunguliwa, magunia ya kiboko, kahawa kavu isiyokobolewa, yalikuwa yameshafika kiwandani, hata mwaka ambao nyumba ilikuwa inavuja", inamwonyesha mtu. Ukiisoma, mtoto mmoja kwenye hema atainua kichwa.

Tarehe zinahitaji ukali zaidi. Wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho cha taifa ulikisiwa na karani. Tafuteni kadi ya ubatizo, kwa kuwa parokia huandika na jina la msimamizi. Tafuteni tiketi za kodi ya kichwa, ambazo wanaume wa rika lile walizitunza kwenye mkebe wa biskuti mpaka kodi ilipoondolewa mwaka 2005. Kila moja ina mwaka na gombolola (eneo la utawala), kwa hiyo ukizipanga mezani unaona alikohama na lini. Bila karatasi, tumieni matukio: nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, vita vilivyoisha 1945, Kabaka Muteesa kupelekwa uhamishoni 1953 na kurudi 1955, uhuru wa Oktoba 1962, Papa Paulo VI kuja mwaka 1969. Muulizeni dada yake, "Nzige walipokuja, alikuwa anatembea?" Mkibaki na shaka andikeni "takriban 1931" na msione haya.

Kisha kagueni kama mambo yanapatana. Wilaya ya Lwengo ilianzishwa 2010. Mtu hakuzaliwa humo mwaka 1932, alizaliwa "katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Lwengo". Mzee wa reli hakuajiriwa na shirika la reli la Afrika Mashariki mwaka 1980, kwa sababu Jumuiya ilivunjika 1977 na baada ya hapo ni Uganda Railways. Mshahara wake wa mwaka 1965 ulikuwa wa shilingi ya Afrika Mashariki, Benki ya Uganda ikiwa haijafunguliwa, na mwaka 1987 shilingi ikakatwa sifuri mbili, kwa hiyo msiufananishe na wa leo. Mambo haya yanaonekana madogo, ila msibani daima kuna mwalimu mstaafu.

Ukurasa wa Kiswahili

Wazee wa reli, wa jeshi na wa biashara za mpakani wana ndugu na marafiki Nairobi, Mombasa, Mwanza, na ndani ya Uganda wako Arua, Bombo na Busia. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ni heshima, na sasa hivi mafundi wanauzalisha kwa programu ya kutafsiri kutoka Kiingereza. Matokeo tunayoyaona: "amenusurika na mke wake na watoto kumi", kana kwamba kulikuwa na ajali. Kiswahili kinasema ameacha mjane na watoto kumi. "Wajukuu wakubwa" si watoto wa wajukuu. Hao ni vitukuu, na watoto wao ni vilembwe. Salamu za wajukuu zikiwa na "Jajja", kwenye Kiswahili iwe "Babu", au muiache "Jajja" kama ndivyo wote walivyomwita. Mpeni mtu anayeizungumza lugha aisome kwa sauti mara moja tu, dakika tano zinatosha.

Luganda nayo ina mtego wake: herufi ŋ. Fonti nyingi za urembo ambazo mafundi wanazipenda hazina herufi hiyo, na neno eŋŋoma linatoka na visanduku viwili vitupu katikati. Kwenye skrini ya fundi linaweza kuonekana sawa, likaharibika faili ikihamia kompyuta ya pleti. Dawa ni kudai PDF yenye fonti ndani yake, na kuikagua hiyo PDF yenyewe.

Prufu na saa

Chapeni prufu, yaani nakala ya kukagua, kwenye karatasi, ikunjwe kama kitabu. Kwenye simu jicho linaruka. Wasome watu watatu tofauti: mmoja majina tu akiwa na daftari, mmoja tarehe na namba tu, mmoja utaratibu wa ibada akiwa amempigia mchungaji, maana nyimbo hubadilishwa usiku wa mwisho. Aliyeshika daftari atie sahihi na saa kwenye prufu. Baada ya sahihi hiyo kosa ni lenu, kabla yake ni la fundi, na mafundi wa pale wanaiheshimu kanuni hii kuliko mnavyodhani.

Muda wa kweli, kwa kurasa 16 na nakala 300: kupanga kurasa saa nne, prufu na marekebisho saa mbili, pleti saa moja, uchapaji saa tatu mpaka nne, kukunja, kupiga pini na kukata kingo saa tatu kwa watu wawili. Katikati kuna saa ambazo hakuna anayezitaja, za wino kukauka. Karatasi laini ya ofseti inataka saa nne mpaka sita, na mvua ikinyesha zaidi. Ikikatwa mbichi, picha ya ukurasa mmoja inajichapa kwenye mwenzake kama kivuli hafifu, na vidole vinageuka vyeusi. Mazishi yakiwa Jumamosi asubuhi Masaka, maandishi yafungwe Alhamisi saa sita mchana. Yakiwa Arua, karibu kilomita 500, yafungwe Jumatano. Anayewaambia Ijumaa jioni kwamba "inawezekana" anasema kweli, ila atawapa dijitali kwa bei ya ofseti.

Mkifika kuchukua, msihesabu kutoka juu ya boksi. Chomoeni vitabu kumi kutoka katikati na chini, mfungue kila ukurasa. Makosa ya kawaida ni karatasi ya ndani kuingizwa kichwa chini, pini moja badala ya mbili, na ukurasa wa 5 kurudiwa mahali pa 7.

Kama si Nasser Road

Kampuni za mazishi huweka kijitabu ndani ya kifurushi chao pamoja na jeneza na gari. Ni raha kwa familia iliyochoka, na kazi hutoka safi, ila mara nyingi wao pia huipeleka Nasser Road, na mnakuwa mmeongeza mkono wa sita kati yenu na yule anayeandika majina. Vibanda vya fotokopi vya mitaani vinafaa kwa nakala 50 za karatasi moja iliyokunjwa: ibada upande mmoja, wasifu mfupi upande wa pili. Kwa mzee wa kijijini ambaye familia haina uwezo, karatasi hiyo moja yenye majina sahihi inakishinda kitabu cha kurasa 24 chenye makosa, na hatusemi hivyo kuwafariji.

Waislamu wa Kibuli au Bombo huzika siku hiyo hiyo, hivyo kijitabu hakina nafasi. Wanaotaka kumbukumbu huichapa kwa ajili ya dua ya baadaye, na wao ndio wenye bahati: wana wiki kadhaa za kukagua.

Jambo la mwisho la kudai kabla ya kulipa ile nusu iliyobaki ni faili. Mafundi hufuta kazi kila mwezi ili kupata nafasi, na siku ya olumbe mtahitaji nakala nyingine zenye masahihisho na jina la musika. Chukueni kwenye flashi PDF, faili ya kazi yenyewe pamoja na fonti, na picha zote zilizoskaniwa kwa ukubwa wake kamili. Halafu hakikisheni picha za asili zimerudi. Zihesabuni pale pale kaunta, maana skana ina kifuniko, na picha ya harusi ya mwaka 1958 hupenda kubaki chini yake.